Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Ilemela: tepu itangulie sementi

Kwa Mkurugenzi,
Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela,
Mwanza.

YAH: KUPIMA NYUMBA ZA WATU WENYE SHIDA YA KUTEMBEA, KATA YA KISEKE

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuomba jambo moja. Halmashauri yako iwe na mtu, hata mmoja kwa kuanzia, ambaye kazi yake ni kufika nyumbani kwa mtu asiyeweza kutembea vizuri, kumtazama anavyotoka kitandani hadi chooni, kupima vizingiti, milango na ngazi, kisha kuandika kwenye karatasi moja nini kibadilishwe ili mtu huyo aweze kujihudumia. Siombi nyumba zijengwe upya. Nazungumzia bomba la kushikia, kiti cha choo, kizingiti cha kusawazisha, mlango wa kugeuzwa ufungukie nje. Mimi ni fundi ujenzi na mkazi wa Kiseke. Kazi hizi huwa zinaisha kwa siku moja au mbili, na vifaa vyake vinabebwa na pikipiki. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwa uhakika ni kazi ipi ifanyike, wapi, na kwa kipimo gani.

Unaifahamu Kiseke. Ukiacha zile nyumba za PPF, ambazo zilijengwa na mfuko wa pensheni kwa ramani zinazojirudia, sehemu kubwa ya kata tumejijengea wenyewe, kila mtu na fundi wake, kila mtu na jiwe lake. Kiwanja kina mteremko. Fundi anachimba upande wa juu, anajaza kifusi upande wa chini, anamwaga jamvi. Upande wa chini msingi unanyanyuka, na kwa kuwa kila mwenye nyumba anapenda mlango mkubwa utazame barabara, mlango huo unafikiwa kwa vipandio vitatu, vinne, kwingine saba. Mara nyingi havina pa kushika. Havilingani urefu pia, kwa sababu cha mwisho ndicho kinachobeba makosa ya hesabu ya vyote vilivyotangulia. Mwenye miguu mizima hata havioni.

Halafu siku moja mwenye nyumba anapata kiharusi. Au kisukari kinamchukua mguu. Au kijana wa bodaboda anaanguka na kurudi nyumbani na magongo. Au mama anazaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mtoto anakua, anafika uzito ambao mgongo wa mama hauwezi tena kuubeba. Au ni uzee tu, ambao Mungu akipenda utatufikia wengi wetu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Si wote wenye shida ya miguu, lakini hakuna mtaa hapa Kiseke ambao utauliza ukakosa nyumba ya namna hiyo.

Niruhusu nieleze nyumba moja, bila kumtaja mwenyewe. Ni mama mstaafu aliyepooza upande wa kulia. Siku aliyoruhusiwa hospitalini alipewa dawa, tarehe ya kurudi kliniki na maelezo ya mazoezi. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kwake kuna vipandio vingapi. Watoto wake, kwa upendo wote, walichanga fedha wakaita fundi ajenge njia ya mteremko mlango wa mbele, kama walivyoona kwenye ofisi za umma. Sakafu ya baraza ipo sentimita 54 kutoka chini. Nafasi kati ya baraza na geti ni mita mbili na kidogo, basi mteremko ukajengwa wa mita mbili.

Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa kiti mwendo ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Kwa hiyo sentimita 54 zinadai karibu mita sita na nusu. Ule wa mita mbili hausukumiki. Anayekisukuma kiti kwenda juu anahatarisha kifua chake, na anayekishusha anahatarisha maisha ya aliyekaa. Sementi imekwenda, kokoto zimekwenda, na mama bado anabebwa na vijana wawili kila siku ya kliniki.

Kinachoniuma zaidi kipo nyuma ya nyumba hiyohiyo. Mlango wa jikoni uko upande wa juu wa kiwanja, pale ambapo ardhi ilichimbwa. Pale sakafu na uwanja vinakaribia kulingana, na kinachozuia ni kizingiti kimoja cha kuzuia maji ya mvua. Mtu mwenye tepu na pima maji, akizunguka nyumba mara moja, angeona kwamba njia ya mama huyu ni ya nyuma: mteremko mfupi wa chini ya mita moja, mfereji mdogo wa kugeuza maji, na njia ya zege pembeni mwa nyumba hadi barabara ya juu. Nyumba nyingi za vilima vya Mwanza ziko hivi. Upande mmoja zina ngazi na upande wa pili ziko sawa na ardhi. Ndiyo maana nasema tepu itangulie sementi.

Kwenye bomba la kushikia nako watu wanadhani ni kulichomelea tu. Mtu aliyepooza mkono wa kulia anaposimama chini ya ngazi, anahitaji bomba kushoto kwake. Akifika juu na kugeuka ashuke, bomba lilelile liko kulia kwake, upande wa mkono usioshika kitu. Kwa mtu huyo bomba moja ni la kumpandisha tu. Yanatakiwa mawili, pande zote. Na lazima kila moja lipite mwisho wa ngazi kidogo, juu na chini, kwa sababu hatua ya mwisho ndiyo inayoangusha watu. Kwa bomba la kufungwa ukutani, mwenye kupima anapaswa kuujua ukuta wenyewe. Ukuta wa tofali hafifu uliopigwa lipu nzuri hudanganya macho: ukifunga bomba kwa skrubu na plagi za plastiki, siku mtu anapoteleza na kuliangukia kwa uzito wake wote, linang'oka na lipu yake. Hapo bolti ipite ukuta mzima na bamba la chuma liwekwe upande wa pili, au nguzo isimamishwe sakafuni kwenye zege.

Chooni ndiko kwenye mateso makubwa, na kwa sababu ya aibu ndiko kunakozungumzwa kidogo. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa, vingine viko nje ya nyumba. Mtu mwenye goti bovu au upande uliopooza hawezi kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa. Wapo wazee hapa mtaani wanaopunguza kunywa maji na kula ili wasiende chooni mara nyingi, kwa kuwa hawataki kumsumbua mkwe au mjukuu. Dawa ya hili ni kiti imara chenye tundu, au kiti cha matofali kilichojengewa juu ya tundu, na bomba la kushikia pembeni. Lakini kiti kiwe cha urefu gani? Hapo hakuna namba moja ya kuandika kwenye mwongozo na kuwapa mafundi wote. Mtu anapimwa kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni akiwa amevaa ndala zake za kila siku. Kiti kikizidi, miguu inaning'inia. Kikipungua, hainuki.

Mlango wa bafu nao ufungukie nje. Bafu zetu ni ndogo. Mtu akianguka ndani, mwili wake unauziba mlango unaofungukia ndani, na wanaotaka kumwokoa wanabaki wanasukuma. Sakafu iliyopigwa niru ikang'aa ni fahari ya fundi, ila ikiloa sabuni ni hatari. Ikichanjwa kwa fagio kabla haijakauka, inashika mguu.

Haya yote, Ndugu Mkurugenzi, hayaonekani mpaka mtu aende, akae, atazame. Amwombe mwenyewe amwonyeshe anavyoinuka kitandani, si amuulize mtoto wake aliyesimama mlangoni. Aulize usiku inakuwaje umeme ukikatika, na mvua zikinyesha njia ya choo cha nje inakuwaje. Aulize mtu huyo anatamani kufanya nini mwenyewe. Nimesikia majibu ambayo fundi peke yake hawezi kuyabuni: kuna aliyesema hataki chochote ila kufika barazani jioni asalimiane na wapita njia.

Najua utaniuliza nani afanye. Wataalamu wa tiba kazi, ambao hii ndiyo fani yao, wanafundishwa KCMC kule Moshi, na ni wachache mno kwa nchi hii. Hatuwezi kumngoja mtaalamu afike kila nyumba ya Ilemela. Uingereza, nchi yenye wataalamu wengi kuliko sisi, waliligawa jambo hili: kazi ndogo kama bomba na kiti cha choo hupimwa na watu waliopewa mafunzo mafupi, na yale magumu ndiyo hupelekwa kwa mtaalamu. Chini ya Sheria ya Huduma ya 2014, England haimtozi mhusika kwa marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000. Siombi tuige fedha zao. Naomba tuige ule mgawanyo wa kazi.

Sisi watu wa kufundishwa tunao. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa na serikali Januari 2024, kazi yao ni kuingia nyumba hadi nyumba. Maafisa ustawi wa jamii wapo chini yako. Mafundi tupo. Mhudumu wa afya na fundi wakienda pamoja, mmoja anajua mwili na mwingine anajua ukuta. Mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali mojawapo hapa mjini anaweza kuwafundisha kwa siku chache, na wakikutana na nyumba yenye ugumu wampigie simu. Kwa upande wa nyumba za PPF, ramani moja ikipimwa vizuri inarahisisha kazi ya nyumba zote zinazofanana nayo.

Kuhusu fedha, sitaki kuonekana nimekuja kuomba nisichokijua. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 2 kati yake ni ya watu wenye ulemavu ni mikopo, na mikopo ni ya biashara. Sipendekezi uivunje sheria. Ila tafakari hili: tunamkopesha mtu mtaji wa genge wakati hawezi kuvuka kizingiti chake kwenda kwenye hilo genge. Fungu dogo kwenye bajeti ya ustawi wa jamii, la mabomba, sementi na ujira wa fundi kwa idadi ya nyumba itakayokubalika, lingefanya hata ile mikopo ilipike. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 ipo, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 19 inatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuishi katika jamii kama wengine. Kuishi katika jamii kunaanzia kwenye kuweza kutoka nje ya nyumba.

Kuna wapangaji pia, na hapa ofisi yako inahitajika kuliko hata fedha yako. Mpangaji wa chumba kimoja anaogopa kumwambia mwenye nyumba kwamba anataka kutoboa ukuta. Mwenye nyumba naye anaogopa nyumba yake kuharibiwa, na hana ubaya. Barua fupi ya halmashauri, inayosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ikieleza nini kitafungwa, nani atalipia na nani atarudishia ukuta mpangaji akihama, ingemaliza hofu za pande zote mbili. Mteremko wa mbao unaobebeka na kiti cha choo kisichojengewa vinahama na mwenyewe.

Na aliyepima arudi. Baada ya wiki chache aende tena aone kama bomba linatumika au limegeuka pa kuanikia kanga. Hali ya mtu hubadilika. Wengine nguvu zinawarudia, wengine zinapungua, na mtoto anakua.

Ninachoomba kifanyike kabla ya bajeti ya mwaka ujao wa fedha kupita ni hiki: kazi hii ianze Kiseke peke yake, kwa majaribio. Watendaji wa mitaa waorodheshe nyumba kwa hiari ya wenyewe, watu wachache wafundishwe, nyumba zipimwe, kazi ndogo zifanyike, na matumizi yote yasomwe mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mimi na mafundi wenzangu wa hapa tuko tayari kukaa darasani na kufuata vipimo tutakavyopewa. Jibu lako, liwe la kukubali au la kukataa, naomba libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, kwa sababu wengi wa wanaolingoja hawawezi kufika ofisini kwako, lakini wana watoto na majirani wa kwenda kuwasomea.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi ujenzi, mkazi wa Kiseke