MAMBO YA NYUMBANI: Rangi Nyeupe na Mahali Pake

Mwenye nyumba atakaye kupaka kuta zake rangi nyeupe yampasa ajiulize kwanza: mwanga wa chumba hiki watoka wapi? Rangi nyeupe haina mwanga wake yenyewe. Kazi yake ni kurudisha ule uingiao kwa mlango na dirisha. Nayo hurudisha sehemu kubwa, hali ukuta wa udongo au wenye masizi huumeza.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua sana jambo hili. Boriti zao za mikoko hazikuweza kubeba dari pana, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 au pungufu, kimoja nyuma ya kingine. Mwanga uliingia kwa kiwanda, yaani ule ua usio na paa. Kuta zilipigwa lipu nyeupe ya chokaa, iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, nayo iliufikisha mwanga hata chumba cha ndani kabisa.

Basi chumba chenye dirisha dogo, ambamo mtoto husoma jioni, ndicho kistahilicho weupe. Lakini ukuta upigwao na jua moja kwa moja usipakwe rangi ing'aayo, maana utaumiza macho. Na jiko la kuni litolewe moshi kwanza, ndipo lipakwe rangi.

Kwa nyumba ya udongo, chokaa yafaa kuliko rangi ya mafuta. Chokaa huacha unyevu utoke ukutani. Rangi ya mafuta hufura na kubambuka. Ukuta ufagiliwe na kunyunyizwa maji. Chokaa iliyokwisha kuzimwa ikorogwe iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara mbili au tatu, kila mara ikiachwa ikauke. Mpakaji ajilinde macho, kwa kuwa chokaa huunguza.

Jambo moja halina mzaha. Zamani rangi nyingi nyeupe zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kukataza risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo, isipokuwa mahali pachache. Siku hizi weupe wa rangi za dukani hutokana hasa na madini ya titani. Hata hivyo, mnunuzi na asome maandishi ya kopo, achague lile lililoandikwa kuwa halina risasi.

Aliye na nyumba ya zamani asikwangue rangi ikiwa kavu. Ailoweshe kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, wala lisifagiliwe. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na madhara hayo hayaponi. Chumba kilichotiwa weupe ili mtoto apate kusoma kisiwe ndicho kimnyimacho akili ya kusomea.