Dalali Akikwambia "Korosho Zitajaa Humu", Rudisha Hela Mfukoni

Haya wadau wangu, ubuyu wa leo umetoka mbali, umetoka Kusini kabisa. Nachingwea na Ruangwa. Majina sitaji, sheria ya humu ndani mnaijua, na mtu akiandika jina kule chini namfuta bila kumuuliza.

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, wale wa kutangaza mawigi na chai za kupunguza tumbo. Ameamua kuwekeza. Kwa hilo nampa maua yake, maana wenzake hela zote zinaishia kwenye magari ya mkopo na Zanzibar wikiendi. Yeye alitaka kitu cha maana: anunue kiwanja Nachingwea, ajenge stoo zenye vyumba vidogo vidogo, mtu anapanga chumba chake, anaweka mzigo, anafunga kufuli lake na kuondoka na ufunguo. Wamarekani wanatajirika kwa biashara hiyo miaka mingi tu. Wazo halina shida.

Shida ni dalali.

Alimpata Instagram. Ukurasa mzuri, video za kupigwa kutoka angani, muziki wa taratibu, jamaa kavaa miwani anaonyesha pori kwa kidole. Na neno alilomwambia dada yetu ni hili: "Dada huku ni korosho, msimu ukifika utakataa wateja." Basi dada akatuma kishika uchumba siku hiyo hiyo, kwa simu, kabla hajakanyaga hata Lindi mjini.

Sasa mimi kwetu ni huko. Naomba niseme kitu ambacho mtoto yeyote wa Nachingwea anakijua. Korosho haikai kwenye stoo ya mtu tu. Mkulima anapeleka AMCOS, AMCOS inapeleka ghala kuu lenye leseni, mnada unafanyika, mnunuzi anachukua mzigo wake. Huo ndio stakabadhi ghalani, sheria yake ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho unatumika tangu 2007. Leseni ya ghala hilo inatoka Bodi ya Usimamizi wa Stakabadhi za Ghala, na haitolewi kwa sababu una wafuasi wengi. Ufuta na mbaazi nazo siku hizi zinapita njia hiyo hiyo. Huko kwetu chama kikuu ni RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hata jina lenyewe linakuambia.

Kwa hiyo ukiona korosho ghafi zimejaa kwenye vyumba vya mtu binafsi, watu wa huko neno la kwanza mdomoni ni kangomba. Ule ununuzi wa kificho, mkulima mwenye njaa anauza kwa kipimo cha bakuli kwa bei ya kutupa kabla msimu haujafunguliwa. Mnakumbuka Novemba 2018, bei za wanunuzi zilipogoma, Rais Magufuli akasema serikali inanunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba? Waliokuwa na mzigo mkubwa waliambiwa waonyeshe mashamba yao. Wengine hawakuwa na hata mkorosho mmoja. Sasa fikiria wewe mwenye nyumba, umekaa Sinza, polisi wanakupigia wanakuuliza chumba namba nne ni cha nani.

Dalali aliyemwambia dada "korosho zitajaa humu" yuko sehemu mbili tu. Ama hajui hata mji anaouza, ama anajua na anamtafutia kesi. Vyovyote vile hafai.

Dalali wa kazi hii ni yule anayejua nani ataweka nini humo ndani, hasa ile miezi ambayo mji umepoa. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi mwaka mpya, kila mtu ana hela, hata bodaboda anabadilisha simu. Mwezi wa tatu je? Kodi yako italipwa na nani? Hapo ndipo utamjua dalali. Anayejua atakutajia watu: mwenye duka la sokoni ambaye nyumbani kwake kumejaa, machinga wa minadani, mwalimu aliyehamishwa ghafla ambaye kabati na vitanda hawezi kuvipandisha kwenye basi. Ruangwa atakutajia pia vijana wa kandarasi za migodi ya kinywe, wanakuja miezi sita wanaondoka. Atakuonya na salfa. Ukimpangisha muuza pembejeo akaweka salfa chumba cha kwanza, nani ataweka unga chumba cha pili? Vitu kama hivyo huwezi kuvipata kwenye video ya kutoka angani.

Kuna mchezaji mmoja, aliwahi kucheza ligi kuu, sitaji timu (na msianze kusema Namungo, sijasema Namungo). Yeye alimtumia mama mmoja anayeuza vitenge Ruangwa ambaye udalali anaufanya pembeni. Swali la kwanza la yule mama: "Mwanangu, unataka watu waweke nini?" Jamaa hakuwa na jibu. Mama akamrudisha Dar akafikirie. Aliporudi, badala ya kiwanja cha nje ya mji alionyeshwa nyumba kuukuu nyuma ya soko, akakalishwa na mwenye nyumba, mke wake na watoto wao wakubwa wawili, wakaongea bei wote wanasikia. Ada ya mama ikatajwa hapo hapo mbele ya watu. Nasikia vyumba havijajaa vyote, na panya wanamsumbua. Lakini analala.

Dada yetu halali. Kwa sababu kiwanja kile kilikuwa cha bibi mmoja, na bibi aliambiwa bei ambayo haifiki hata nusu ya aliyoambiwa dada. Katikati hapo ndiyo cha juu. Dalali alihakikisha hawa wawili hawaonani, mmoja akaambiwa "mnunuzi yuko nje ya nchi", mwingine akaambiwa "mwenye kiwanja mgonjwa". Dada akaenda kupiga picha na mabuti yake, akapost. Mjukuu wa bibi yuko Mbagala, anamfuata Instagram. Akaona mwembe wa kwao. Sasa hivi familia imeenda baraza la kata, bibi analia, na dada anatukanwa kama mwizi wa ardhi wakati hela ametoa nyingi kuliko bei ya kiwanja.

Kuna wanaosema dalali naye anatafuta riziki. Sawa, atafute. Mlipe, tena mlipe vizuri. Ila ada ni kitu kinachotajwa mezani, cha juu ni kitu kinachofichwa, na kinachofichwa huwa kinatoka kwenye mfuko wa mtu mnyonge zaidi, yaani bibi. Wathamini wana sheria yao ya 2016 na bodi ya kuwasajili. Dalali wa mtaani anahitaji simu tu. Julai 2025 serikali ilikataza wageni kufanya udalali, ambayo inatuambia nani asiwe dalali. Nani awe, umebaki kupima mwenyewe.

Kipimo changu ni kimoja: mwambie akukutanishe na mwenye mali na familia yake kabla hujatuma hata shilingi. Akianza sababu, ondoka. Halafu makaratasi. Kama kina hati, fanya upekuzi kwa msajili wa hati mwenyewe, usiletewe fotokopi WhatsApp. Kama ni ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake haukutoshi, kuna halmashauri ya kijiji na kuna mkutano mkuu wa kijiji, na wewe wa kuja wanatakiwa wakujue. Na uliza matumizi. Kiwanja cha makazi hukigeuzi stoo za biashara kwa sababu tu umeleta matofali. Dada hakuuliza, na dalali hakusema.

Nimesikia anataka kukiuza. Na anayemtafutia mteja, mtaniambia mnyamaze nisiseme, ni yule yule wa miwani.

Wa Nachingwea na Ruangwa mliomo humu, chumba cha stoo karibu na soko siku hizi kinapangishwa bei gani kwa mwezi? Semeni hapo chini watu wajue.