Kuni za Nani

Niliipa alama 4 kati ya 10, na jioni ikaharibika hapo hapo.

Tulikuwa watu watano barazani kwa rafiki yetu mmoja, Upanga, Dar es Salaam. Sote ni wavuta kiko, na mjini hapa siku hizi sisi ni wachache kiasi kwamba tunajuana kwa harufu. Mwenyeji alikuwa amerudi kutoka Ujerumani na kopo bapa la gramu 50, tumbaku nyeusi ya moshi, na nyuma ya kopo sifa zake zimepangwa mistari sita. Akatugawia kila mmoja kiasi cha kujaza kiko kimoja, akatupa na vijikaratasi vya kuandika alama kama majaji wa ngumi. Wenzangu waliandika 9, 9, 8 na 10. Vijikaratasi viliposomwa, aliyeandika 10 akanigeukia: "Kaka, hivi ulimi wako umezoea nini?"

Usiku ule nilijibu kwa hasira, na mtu mwenye hasira hasikiki. Naandika hapa nimjibu tena taratibu.

Nianze na kilichokuwamo. Mchanganyiko ule ulikuwa na majani mawili ya moshi juu ya msingi wa tumbaku ya kawaida ya rangi ya dhahabu. La kwanza ni Latakia. Hilo ni jani dogo la upande wa mashariki ya Mediterania ambalo kwanza hukaushwa juani, kisha hufukizwa kwa wiki nyingi juu ya moto wa vichaka na miti yenye utomvu, mpaka linakuwa jeusi kama mkaa. Jina ni la mji wa bandari wa Syria, ingawa kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya Latakia ya kwenye makopo imetoka Kupro. La pili ni lile ambalo sisi Tanzania tunaliita tumbaku ya moshi, tukilitofautisha na ya mvuke na ya hewa. Ni jani pana, nene, lenye mafuta, na hutundikwa ndani ya bani huku moto wa magogo ukifukuta chini yake.

Wenzangu walisema tumbaku ile ni "kali", na wote wanne walilitumia neno hilo kwa sifa. Ugomvi wangu wa kwanza ni na neno hilo. Latakia inapiga kelele puani lakini kichwani ni pole. Nikotini yake ni ya chini, unaweza kuvuta kiko kizima na kusimama bila kuyumba. Tumbaku ya moshi ni kinyume chake. Harufu yake ni ya chini, inanong'ona, halafu katikati ya kiko unapata kwikwi, jasho linakutoka na unatafuta kitu kitamu cha kutia mdomoni. Mtu anayeziita zote mbili kali kwa pumzi moja amenusa tu, na alama yake ni ya pua. Nikotini ya jani lile mimi niliionja kabla sijajua kiko ni nini. Nikiwa na miaka minane, tukivuna asubuhi majani yakiwa na umande, ule unyevu uliingia mikononi na tumboni, nikawa natapika kati ya mistari hadi saa nne. Mama alinipa uji wa sukari na kunilaza kivulini. Kwa hiyo anayeniuliza ulimi wangu umezoea nini, tuanzie hapo.

Mimi ni mtoto wa Namtumbo, mkoani Ruvuma. Tumbaku ya moshi ililetwa kwetu enzi za Waingereza, na mwaka 1936 wakulima wa Kingoni na Kimatengo tayari walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, NGOMAT, kilichojengwa juu ya jani hilo. Babu alilima, baba akalima. Baba mwenyewe hakuwahi kuvuta kiko maishani mwake. Alikuwa mtu wa ugoro, tena kidogo. Lakini sijakutana na mtu aliyejua kuhukumu moshi kumzidi, na mizani yake ndiyo niliyoitumia Upanga.

Kwanza tukubaliane kwamba moshi wenyewe si sifa. Sisi watu wa mafiga matatu tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Chai ikiingia moshi, mgeni haoni raha, na mwenye nyumba huomba radhi. Wali ukinuka moshi, mpishi anasemwa. Lakini samaki wa ziwani aliyekaushwa kwa moshi tunamlipia zaidi, na Wapwani hufukiza udi nguo za bibi harusi na kuzifunga zisipoteze harufu. Moto ni ule ule, tofauti ni kwamba kwenye chai moshi umedandia, na kwenye samaki umeingia ndani ukakaa na nyama. Baba aliyatumia maneno hayo hayo, kudandia na kuingia. Jani likishuka kwenye fito alilifikicha kwenye kiganja chenye unyevu kidogo, akasubiri, kisha akanusa kiganja, halafu jani. Harufu yote ikihamia mkononi, alikunja uso. Moshi ule ulikuwa umedandia.

Kuuingiza ni kazi. Jani likitundikwa bichi linaachwa kwanza ligeuke manjano lenyewe. Ukiharakisha moto, ukijani unaganda ndani na hautoki tena. Likianza kuwa la kahawia unawasha moto mdogo, magogo ya miyombo, na kazi yako yote kuanzia hapo ni kuuzuia usiwake. Moto ukitoa ulimi mmoja tu mrefu, paa la nyasi linashika na mwaka wako unakwenda na bani. Ukiuzima kupita kiasi, masizi yanapanda na kulipaka jani weusi mchungu. Baba alilala mlangoni mwa bani kwa wiki tatu hivi kila msimu, akiamka kila baada ya muda kusogeza kigogo, kurudisha majivu, kusikiliza. Ndiyo, kusikiliza. Alisema moto unaotaka kuwaka unabadilisha sauti. Alikuwa na macho mekundu tangu ninavyomkumbuka, na kikohozi ambacho watoto tulikitumia kujua yuko upande gani wa shamba.

Turudi barazani. Nilipofungua ile tumbaku harufu iliniruka, na wenzangu wakashangilia kwa sababu hiyo. Nilishindilia kidogo, nikawasha mara mbili, nikapitisha moshi puani taratibu. Theluthi ya kwanza ilikuwa nzuri, sikatai: ngozi, utomvu, kitu kama tende iliyokaa juani. Baada ya hapo moshi ukaondoka kama mgeni aliyekula, na kilichobaki ni maji ya moto yenye uchungu. Utamu wa jani la dhahabu haukuja. Uchachu ambao Latakia nzuri huwa nao nyuma ya moshi haukuwepo. Ukavu tu, na ncha ya ulimi inaungua. Maana yake ni nini? Maana yake jani la msingi lilikuwa hafifu, na mchanganyaji alijua, akaongeza moshi ili mvutaji asigundue. Moshi ulitumika pale kama pilipili kwenye nyama iliyoanza kuharibika. Wenzangu walihukumu dakika tano za mwanzo, kisha wakaanza kuzungumza habari za mpira huku viko vikiendelea kuwaka. Ningeweza kutoa 5, nakiri. Ile moja niliikata kwa sababu ya maandishi ya nyuma ya kopo.

Mistari sita. Iliahidi moto wa kambi porini, kiti cha ngozi, whisky ya kisiwani, usiku wa baridi. Halafu, katika orodha ya majani, iliandikwa "Kentucky ya Afrika". Basi.

Kentucky ni jimbo la Marekani, na wakulima wa huko wanalima tumbaku ya moshi kweli, tena kwa ustadi mkubwa. Jina lao limesambaa hadi likawa jina la jani lenyewe. Waitaliano wanalima jani hilo kwao na kutengenezea sigara zao za Toscano, na bado wanaliita Kentucky, lakini kila mvutaji wa Toscano anajua limelimwa Italia, na Waitaliano wanajivunia mabonde yake kwa majina. Latakia nayo, hata ikifukiziwa Kupro, imebaki na jina la bandari ya Syria, na Kupro inatajwa pembeni yake. Kwetu ndiko jani linapopewa jimbo la Marekani kwa jina na bara zima kwa anuani. Jani la kwenye kopo lile linaweza kuwa limetoka Malawi, Msumbiji au kwetu. Waandishi wa kopo walipata nafasi ya kutaja kiti cha ngozi, wakakosa nafasi ya neno moja la wilaya.

Hapo ndipo nilipouliza, kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa: kuni za nani? Mnasema mnaonja moshi. Moshi hautoki kwenye jani, unatoka kwenye mti, na mti ule uliangushwa na mtu. Nilipokuwa darasa la pili, kuni za bani tulizikata nyuma ya shamba. Nilipomaliza la saba, tulikuwa tunatoka alfajiri na kurudi jua likiwa limesimama, na mama alikuwa amebeba. Msuku tu hatukuuchoma, kwa sababu tulikula matunda yake. Miyombo mingine yote iliyokuwa karibu iliingia kwenye majani ya baba. Simtetei baba katika hilo. Vilima vile viko wazi hadi leo na sisi ndio tuliovivua. Lakini anayelisifu jani kwa moshi na hataki kusikia habari za kuni anataka kula samaki bila kumwona mvuvi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisema usiku ule. Mwaka 2003, nikiwa kidato cha pili, nilikwenda na baba sokoni. Tulikuwa na marobota kumi na moja. Mteuzi, yule anayepanga madaraja, alipita kwenye mstari akichomoa jani moja kila robota, akilitazama, akilitupa na kutaja daraja, na karani nyuma yake akiandika. Kila robota lilichukua muda wa kupiga chafya. Manne yetu aliyashusha madaraja mawili. Baba akauliza kwa adabu zote, "Samahani mzee, kosa lake nini?" Yule kijana, maana alikuwa kijana, baba ndiye aliyekuwa mzee, akasema bila kugeuka: "Moshi mwingi."

Baba hakubishana. Alilichukua jani lililotupwa, akalifikicha kwenye kiganja, akanusa mkono, akanusa jani, akanipa na mimi ninuse. Kiganja chake hakikuwa na kitu. Moshi wote ulikuwa ndani. Muhula uliofuata sikwenda shule. Nilirudi mwaka mmoja baadaye, kwa fedha za mahindi.

Sasa nimekaa Upanga miaka ishirini baadaye, na kopo linanisifia kwa maneno ya dhahabu kwamba lina moshi mwingi. Kosa lililomshusha baba madaraja mawili limegeuka fahari ya bidhaa, na anayeamua lini ni kosa na lini ni fahari ni yule yule anayenunua. Ndiyo maana sikubali kwamba kuonja ni jambo la ulimi wa mtu na kila mtu na wake. Kuonja kulikuwa na bei pale sokoni, na aliyejua zaidi hakuulizwa.

Rafiki yetu mmoja, daktari, aliyeandika 8, aliniambia tulipokuwa tunatoka: "Lakini hii ni sumu, ndugu yangu. Kuna heshima gani ya kudai sumu iandikwe jina la kwenu?" Ni hoja nzito kuliko ya yule wa 10, na sina haki ya kuikwepa. Ni sumu. Kikohozi cha baba kiliendelea hadi siku ya mwisho, na yeye hata hakuvuta, alifukizwa tu pamoja na majani. Wakulima wangelipwa vizuri kwa ufuta au soya, ningefurahi bani la mwisho la Namtumbo libomolewe na fito zake zijengee banda la mbuzi. Lakini daktari alinieleza hayo kiko chake kikiwa bado cha moto mfukoni. Madhali tunavuta, tena kwa makaratasi ya alama, tumekwisha kuamua kwamba jani hili linastahili kuchunguzwa. Ninachodai ni kwamba tulichunguze lote.

Mwezi ujao kikao ni kwangu. Nimeagiza kilo moja ya jani kwa jirani wa zamani wa baba, ambaye bado anatundika bani moja dogo, na nimemwomba aniambie alichoma mti gani. Nitalikata mwenyewe na kulichanganya na jani la mvuke la Urambo, bila Latakia. Makaratasi ya alama nimekwisha kuyaandaa. Juu kabisa, kabla ya harufu na ladha, nimeongeza mstari mmoja: kuni gani, na nani alikesha. Mwenyeji wa Upanga amenipigia simu kuuliza kama aje na lile kopo lake, bado lina nusu. Nimemwambia aje nalo, na aujaze mstari huo.