Utafiti wa Kasongo na Kabambare uunganishe ardhi, nyumba na watu



Utafiti wa akiolojia, yaani elimu ya maisha ya kale inayotokana na mabaki yaliyofukiwa ardhini, uliofanywa Kasongo-Tongoni, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, uliokuwa mji wa Waungwana, yaani Waswahili na Waarabu wa huko, na uliotekwa na majeshi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, mwezi Aprili 1893, umeonyesha faida ya kuchunguza udongo sambamba na kumbukumbu za wazee.

Njia hiyo inafaa kuendelezwa hadi kwenye makazi ya leo ya Kasongo na Kabambare, ambako familia huchagua aina ya tofali la kujengea: matofali ya kuchoma, ambayo hupendwa kwa kudumu kwake, hula kuni nyingi, ilhali matofali mabichi, yaani yale yanayokaushwa juani, huokoa miti lakini huhitaji msingi ulioinuka na paa pana ili mvua isiyamomonyoe. Uamuzi huo unagusa msitu, ujenzi na uwezo wa familia kwa pamoja, na fani moja pekee haiwezi kuueleza.

Kwa hiyo, Chuo Kikuu cha Kindu na taasisi nyingine ziwaunganishe wataalamu wa mazingira, jamii na ujenzi, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, kwani wakazi wa Kasongo na Kabambare wanaotoa maarifa yao wana haki ya kuyasoma na kuyatumia.

Msomaji,
Kasongo, Maniema