Semina ya Nesi, Sindano ya Mfagizi

Ukitaka kujua nani haitwi kwenye semina ya kujikinga na maambukizi kazini, angalia nani anadeki ukumbi ikishaisha. Madaktari, manesi na watu wa maabara wamesaini mahudhurio, wamechukua posho, wameondoka. Mama wa usafi ndiyo kwanza anaingia na ndoo. Tumeshajiaminisha kwamba damu na hewa chafu ni mambo ya wanaomgusa mgonjwa. Yeye anagusa sakafu tu.

Nikiwa namuuguza ndugu yangu, nilimwona mfagizi wa wodi akishindilia mfuko wa taka kwa kiganja ili ufungike. Glovu zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Sindano ikamchoma. Akavua, akakitazama kidole, akakifyonza, akaendelea na kazi.

Akakifyonza!

Nesi amefundishwa asiirudishie sindano kifuniko chake, aitumbukize kwenye boksi, na boksi lisipite robo tatu. Siku akichoka akaitupa mfukoni, anayechomwa ni mwingine. Na huyo mwingine hajui kwamba kidole kinaoshwa kwa maji na sabuni, kwamba taarifa inatolewa palepale, kwamba dawa za kinga ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28.

Tena VVU ndivyo tunavyoviogopa, wakati sindano yenye VVU huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000. Ya homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, yaweza kufika 30 kati ya 100, na virusi vyake huishi hata siku 7 nje ya mwili. Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo mama wa miaka 40 ilimpita. Akiiulizia, hospitali inamwambia yeye ni mtu wa kampuni ya usafi. Kampuni inamwambia aulize hospitali.

Mlinzi anayepanga foleni ya wanaokohoa naye kapewa barakoa ya upasuaji, eti inamkinga na kifua kikuu. Vijidudu vyake huelea hewani kwa saa kadhaa na kupenya pembeni mwa barakoa hiyo, na madirisha yamefungwa kisa kiyoyozi.

Wakubwa hujitetea kwamba wafagizi hawadumu, kuwafundisha ni kutupa hela. Kama hawadumu, basi wafundishwe siku ya kwanza: nusu saa, kando ya pipa jekundu, kabla hawajakabidhiwa ndoo. Projekta ibaki ukumbini.