Umeme Si Mwalimu wa Mtoto wa Mbwa

Askari akabidhiwapo mtoto wa mbwa amlee kwa ajili ya kazi, hukabidhiwa silaha ambayo bado haijakamilika. Bunduki hutoka kiwandani ikiwa tayari. Mbwa hukamilishwa na mkono wa yule anayemlea, na kosa la mkono huo hubaki ndani ya mnyama mpaka mwisho wa utumishi wake. Ndiyo sababu twaona yafaa kuzungumza waziwazi juu ya mkanda wa shingoni wenye umeme, na kuuliza kama ni haki na kama ni busara kumvika mtoto wa mbwa wa aina kubwa.

Kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Ni mkanda kama mikanda mingine ya mbwa, isipokuwa umefungwa kisanduku chenye betri na vichuma viwili vinavyogusa ngozi ya shingo. Mwenye mbwa hushika mtambo mdogo mkononi. Akibonyeza kitufe, hata kama mbwa yuko mbali naye, umeme hupita katika ngozi hiyo. Nguvu yake huweza kuongezwa au kupunguzwa. Kwa kawaida hauui, lakini humtisha na kumuumiza mnyama, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Wanaoutetea mkanda huu wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Wasema kwamba German Shepherd dume hufikia kilo 30 hadi 40, na Rottweiler dume aweza kufika 50. Mbwa wa uzito huo asipotii anaweza kumwangusha mtu mzima, kuua mbuzi wa jirani, au kumjeruhi mtoto. Basi, wasema, na atiwe adabu mapema, kabla nguvu zake hazijamshinda bwana wake. Kisha hukumbusha methali ya wazee: samaki mkunje angali mbichi.

Methali ni ya kweli, lakini imetumiwa isivyo. Samaki mbichi hukunjika kwa sababu ni laini, wala hahitaji kuchomwa ndipo akunjike. Mtoto wa mbwa ni vivyo hivyo. Wataalamu wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walioandika kitabu juu ya tabia za mbwa mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na kipi ni cha kuogopwa. Anachokizoea kwa amani wakati huo hukiona cha kawaida maishani. Kinachomtisha wakati huo huweza kumtisha hata akiwa mkubwa.

Tena mbwa haambiwi sababu ya adhabu. Tuseme mtoto wa mbwa amkimbilia mtoto wa jirani aliye juu ya baisikeli, nasi tukabonyeza kitufe. Sisi tumekusudia kumwambia, "Usifukuze baisikeli." Yeye huenda akajifunza kwamba mtoto yule ndiye aliyemletea maumivu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mnyama aliyeshtuka huweza kukimbia, au kuuma kabla hajaumizwa. Katika kilo 8 jambo hilo laweza kutuchekesha. Katika kilo 40 litatufikisha hospitali au mahakamani. Kwa hiyo ukubwa wa mbwa, ambao ndio hoja ya wanaoutetea umeme, ndio hoja yetu kubwa ya kuukataa.

Tuliwahi kumwona mbwa wa namna hiyo katika kambi moja. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja, mwenye mifupa mizuri na kifua kipana. Bwana wake alipoingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia jasho, mbwa yule alilala chini, akabana mkia, akajikojolea. Bwana wake akatuambia kwa fahari, "Mnaona utii huo?" Hatukuona utii, tuliona hofu. Askari hana haja ya kufundishwa tofauti ya mambo hayo mawili. Anayemtii mkuu wake kwa kuogopa kiboko tu hutii mpaka mkuu anapogeuka. Mwenye nidhamu hushika zamu yake hata usiku wa manane asipoonekana na mtu.

Wala haya si maneno ya watu wenye huruma kupita kiasi. Nchini Uholanzi, mwaka 2004, watafiti Schilder na van der Borg walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa wa ulinzi waliofundishwa kwa umeme. Waliona kwamba mbwa hao walikuwa na dalili nyingi za wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa kwa ukali bila umeme, hata walipokuwa nje ya uwanja wa mafunzo. Na wakasema yaelekea mbwa hao walijifunza kwamba kuwapo kwa bwana wao ni ishara ya maumivu. Katika jeshi la Ubelgiji, uchunguzi wa jozi 33 za askari na mbwa wao, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mbwa waliofanya kazi vibaya ndio waliotiwa adhabu nyingi zaidi. Na mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilichapisha matokeo ya mbwa 63 wenye tabia ya kutoitika waitwapo: mkanda wa umeme haukushinda mafunzo ya tuzo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna ushahidi mwingine. Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya wakubwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Hawapigwi wala hawatiwi umeme. Husikia mlio mdogo, kisha hupewa kipande cha ndizi au karanga. Panya mmoja, Magawa, alifanya kazi hiyo Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa roho za watu zaweza kukabidhiwa kwa panya aliyefundishwa kwa ndizi, hatuoni kwa nini mbwa, aliyeishi na binadamu tangu kale, ashindwe kufundishwa bila maumivu.

Ni kweli kwamba si wote wanaokubali. Ujerumani ilipopiga marufuku, kuanzia Januari 1, 2022, vifaa vyote vya kuumiza katika mafunzo ya mbwa, baadhi ya polisi wa huko walilalamika kwamba mbwa wa mashambulizi hawatafundishika. Wao walikuwa wakisema juu ya mbwa wazima wa kazi maalumu. Ubishi huo na uendelee baina ya wenye ujuzi. Lakini usitumiwe kuwa kisingizio cha kumtesa mtoto wa mbwa wa miezi mitatu asiyejua hata jina lake.

Basi tufanye nini? Tumfundishe dakika chache kwa wakati mmoja, mara kadhaa kwa siku, huku tukimtuza kwa chakula na sauti ya furaha papo hapo anapotii. Amri iwe neno moja, nalo litumiwe na kila mtu wa nyumbani. Akiwa bado hajajifunza kuitika, afungwe kamba ndefu ili asipate nafasi ya kuasi. Azoeshwe polepole kelele za soko, magari, watoto, na milio ya risasi kwa mbali. Akituparamia, tumgeuzie mgongo. Asizoee akiwa mdogo jambo tusilolitaka atakapokuwa mkubwa. Tena asirukishwe vizuizi virefu mapema, maana mifupa ya mbwa wa aina kubwa huendelea kukua kwa mwaka mzima na zaidi. Haya yote hayahitaji fedha. Yanahitaji subira, na hiyo ndiyo wengi wetu tunayotaka kuikwepa kwa kubonyeza kitufe.

Mwisho, tukumbuke kwamba Uganda ina sheria ya mwaka 1957 inayokataza ukatili kwa wanyama. Msimamizi wake wa kwanza ni polisi. Itakuwa aibu mwananchi apelekwe kituoni kwa kumtesa punda wake, ilhali nyuma ya kituo hicho hicho mtoto wa mbwa analia kwa umeme.

Ndugu askari, siku moja utaingia na mbwa wako katika nyumba yenye giza, mbele yenu kukiwa na mtu mwenye silaha. Saa hiyo mkanda hautakusaidia. Utamhitaji mnyama anayekuja upande wako kwa sababu anakuamini. Imani hiyo hujengwa sasa, angali mdogo, kwa mkono usiomuumiza.