Kadi ya sauti haijafa, waitu

JICHO LA ZIWA
Na Rweyongeza Mwombeki

Kila Desemba, Wahaya wa Dar es Salaam na Mwanza wanaporudi nyumbani kula sikukuu, mafundi wa kompyuta wa Bukoba na Muleba huvuna. Harusi zinafuatana, na katika kila ukumbi, kuanzia Kashai hadi Kamachumu, kuna kijana aliyekaa nyuma ya laptopu, miksa na projekta. Ndipo linapozuka tatizo ambalo sasa nimelichoka: picha za maharusi zinaonekana ukutani, sauti hakuna. Laptopu inakimbizwa kwa fundi. Fundi naye jibu analo kabla hajaiwasha: kadi ya sauti imekufa, imepigwa na radi.

Radi tunayo kweli. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, na hakuna kijiji cha Kagera kisichojua nyumba iliyounguziwa televisheni. Kwa hiyo uongo huo unauzika. Mteja anatikisa kichwa, anatoa hela, anaondoka na kadi ya kuchomeka pembeni ambayo hakuihitaji.

Msimamo wangu ni kwamba kadi nyingi zinazozikwa hapa kwetu huzikwa zingali hai.

Chukua hilo la projekta. Waya wa HDMI unabeba picha na sauti kwa pamoja. Ukiuchomeka, Windows mara nyingi huamua yenyewe kwamba sauti nayo ielekee kule picha ilikokwenda. Projekta nyingi za kumbini zina kispika cha kunong'ona, na nyingine hazina kabisa. Wakati huo huo miksa, ambayo waya wake umetoka kwenye tundu la hedifoni, inasubiri kitu kisichokuja. Dawa yake ni kubonyeza alama ya spika kwenye kona ya chini kulia ya kioo na kuchagua spika za kompyuta badala ya projekta. Kazi imekwisha, bibi harusi aingie.

Siwalaumu sana mafundi wa zamani. Walisomea ufundi kwenye redio na deki za kaseti, na huko sikio ndilo lililokuwa kipimo. Mwimbaji Saida Karoli alipovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kanda yake ikichoka uliisikia ikichoka: sauti inafifia, inavutika, inakoroma, na fundi anajua mara moja kama ni hedi chafu, mkanda wa mpira uliolegea au spika iliyopasuka. Ubovu ulikuwa na sauti yake. Sauti ya kidijiti hutoka kwenye mashine ikiwa namba, na kifaa cha upande wa pili ama kinazielewa namba hizo ama hakizielewi. Kisipozielewa unapata kimya kitupu, au kelele za kukatikakatika. Kimya hicho kinafanana kabisa na kifo, ilhali vifaa vyote viwili vinaweza kuwa vizima na kinachokosekana ni maelewano tu.

Kwenye vibanda vya video maelewano hayo huvunjika kwa namna nyingine. Mwenye kibanda ameunganisha kompyuta na televisheni bapa, na kutoka nyuma ya televisheni amevuta ule waya wa mwanga, ambao kampuni ya Toshiba ya Japani iliuanzisha mwaka 1983, mpaka kwenye kiboksi kidogo cha kugeuzia sauti kinacholisha amplifaya. Nyimbo zinapiga vizuri. Akiweka filamu, kimya. Basi anaapa kwamba filamu ni mbovu na kumrudia aliyemuuzia.

Filamu haina kosa. Sauti yake imefungashwa kwa mfumo wa Dolby, wenye njia sita za sauti, na televisheni au kompyuta inaupitisha mzigo huo ukiwa bado umefungwa. Kiboksi cha bei rahisi hakijui kuufungua. Kinachokijua ni PCM, yaani namba zilizo wazi za spika mbili, kushoto na kulia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni, palipoandikwa Auto au Dolby weka PCM, filamu itasema. Na kabla hata ya hapo, chungulia ncha ya waya. Ukiona taa nyekundu, ujue tundu linafanya kazi, ingawa taa peke yake haithibitishi kwamba sauti inapita. Usipoiona, angalia kama ile kofia ndogo ya plastiki iliyokuja na waya bado imevaa. Radi imewahi kusingiziwa kosa la kofia hiyo pia. Usiukunje waya huo kama wa umeme, maana ndani yake ni uzi wa plastiki, na ukivunjika hauungwi kwa utepe.

Kuna na vijana wanaopenda namba kubwa. Sidii tangu 1982 inatumia sampuli 44,100 kwa sekunde, filamu na video 48,000. Kijana akiona kompyuta inampa nafasi ya 192,000, anaweka hiyo akidhani muziki utanoga. Vipokeaji vingi vya waya wa mwanga havifiki huko, na matokeo ni kimya. Rudisha 48,000.

Linaloniudhi zaidi liko kanisani. Kwaya zetu sasa huimba juu ya muziki uliorekodiwa. Kijana anabonyeza, na noti ya kwanza inamezwa. Waimbaji wanaingia kila mmoja kwa ufunguo wake, mwalimu wa kwaya anamkodolea macho. Kijana ameonewa. Kwenye njia ya kidijiti, kompyuta ikikaa kimya kwa muda huacha kupeleka mawimbi, na kipokeaji nacho hulala. Muziki ukianza, kinahitaji muda mfupi kuamka na kushika kasi ya namba zinazokuja, na huo ndio muda unaokula noti. Anayejua huongeza sekunde kadhaa za ukimya mwanzoni mwa wimbo. Lakini nani alimfundisha? Parokia ilichangisha kwa ajili ya spika, zikasifiwa na kubarikiwa, na hakuna aliyetenga hata senti ya kumpeleka kijana akakae siku mbili na mtu anayeijua kazi. Kamati za harusi nazo ni hivyo hivyo: bajeti ya keki ina kurasa, ya anayekaa kwenye miksa ni soda na sahani ya pilau.

Tatizo jingine, mvumo wa spika, naliacha na neno moja. Kama spika zinavuma laptopu ikichajiwa na kunyamaza ukiichomoa chaja, kinachopita ni umeme kwenye waya wa kawaida. Waya wa mwanga haupitishi umeme, hivyo unaukata mvumo huo.

Radi ikipiga kweli, inajulikana kwa kupima. Chomeka hedifoni kwenye laptopu, uichague iwe njia ya sauti, piga wimbo. Ukisikia, ujue sehemu kubwa ya mfumo wa sauti ni nzima na ubovu uko mbele ya safari. Chomeka HDMI kwenye televisheni nyingine, kwa waya mwingine. Picha na sauti vikikosekana kote, na mashine nyingine ikifanya kazi kwa waya huo huo, hapo tundu limeungua na fundi anastahili malipo yake. Majaribio hayo hayamalizi hata kikombe cha kahawa. Mwombe fundi ayafanye mbele yako, kabla hajataja bei. Akikataa, chukua laptopu yako. Bukoba ina mafundi wengine, na wazuri wapo.